Njano Ndiyo Iliyotangulia

Jumatatu, 4 Machi

Naandika nyuma ya karatasi za majaribio ya mashine kwa sababu zimejaa humu chumbani na hakuna anayezitaka. Mbele zina mistari ya rangi, nyuma ni nyeupe kabisa. Shule sikuwahi kukanyaga. Herufi nilifundishwa na kitindamimba wangu nikiwa tayari bibi wa wajukuu sita, kwa vipande vya mabango anavyokata pembeni na kutupa. Neno la kwanza kulisoma maishani mwangu ni PUNGUZO. Kwa hiyo asije mtu hapa akanisahihisha.

Leo fundi amekuja kuiangalia mashine ya binti yangu huyo, ile kubwa ya kuchapia mabango, ndefu kuliko kitanda cha ndoa. Amefungua kifuniko, amechungulia, amebonyezabonyeza kioo chake akasoma, amefunga.

"Pole, mama. Vichwa vimekufa."

"Vimekufaje? Vilikuwa vinaumwa?"

"Ni uzee tu, mama. Pole."

Uzee. Mwanamume mwenye ndevu tatu ananifundisha mimi uzee. Mashine ina miaka mitano. Na alivyokuwa anasema alikuwa anatazama viatu vyake. Nimempa jina: Pole-Mama.

Mwanangu alipasuliwa mgongo mwaka jana. Miezi miwili hospitali, na hadi leo yuko nyumbani, haruhusiwi kuinama wala kunyanyua kitu. Muda wote huo chumba hiki nimekitunza mimi. Nimefagia kila siku. Mashine nimeipangusa vumbi, na kila jioni nimeikata umeme ukutani na kuifunika shuka safi kama mtoto. Mashine iliyotunzwa hivyo inakufaje kwa uzee?

Chumba chenyewe ni cha mwanangu wa kwanza. Alimpa mdogo wake akitumie kama duka. Sasa yeye anauza magodoro, na amesema mvua za masika zikikatika kabla mashine haijachapa bango moja zima, mashine inatoka na magodoro yanaingia. Mgonjwa wangu amejibu "sawa". Amesema huku anautazama ukuta. Mtoto huyu tangu ananyonya hajawahi kukubali jambo bila kubisha mara tatu. Hiyo "sawa" imenikera kuliko ndevu za Pole-Mama. Mtu akishaanza kusema sawa kwa ukuta, kinachofuata ni kukauka.

Basi nitaiendesha mimi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Mwanangu hakutaka kula. Nimemwambia nitamlisha kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Amekula.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwenye karakana ya Pole-Mama nikakaa kwenye kiti chake, kile anachokalia akifanya kazi, nikamwambia siondoki hadi anifundishe kufufua vichwa.

"Mama, ina dawa kali hiyo."

"Nimezaa watoto saba. Dawa kali unanitajia mimi?"

Akashindwa. Tukaja naye hadi chumbani. Amenionyesha kwamba vichwa vina matundu madogo hata jicho halioni, na wino umekaukia mle ndani. Vikipumzika hukalia vikombe vya mpira, yeye anaviita kofia. Unatia dawa kwenye kofia kwa bomba la sindano, unarudisha vichwa vikae juu yake, unaacha viloweke. Kisha unachapa karatasi ya majaribio: kila rangi inatakiwa itoe mistari iliyopangika kama ngazi. Ngazi ikikosa kidato, kuna tundu limeziba.

"Usilazimishe, mama. Ukisukuma kwa nguvu utavipasua."

"Kama pua ya mtoto mchanga. Humvuti, unamlainisha."

Akacheka. Ana meno mazuri, sikujua. Akafungua mdomo kama mtu mwenye neno jingine, akaufunga, akasema pole, akaondoka.

Jumatatu, 11 Machi

Karatasi imetoka nyeupe kama ilivyoingia.

Jumanne, 12 Machi

Nyeupe.

Jumatano, 13 Machi

Nyeupe. Nimeitukana mashine, na mama yake, na kiwanda kilichoizaa. Mshonaji wa chumba cha pili akaja mbio na sindano mdomoni.

"Bibi, nani amekufa?"

"Huyu hapa."

Akaichukua karatasi niliyoikunjakunja, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. "Mbona kuna njano hapa?"

Kulikuwa na njano. Nusu ngazi, hafifu, kama jasho kwenye kola. Siku mbili nilikuwa natupa karatasi zenye njano nikidhani ni tupu.

"Macho yako hayo, bibi."

"Macho yangu yana miaka sabini, na rangi yenyewe ni ya uoga. Ingetokea nyeusi ningeiona."

Jioni nikakata umeme, nikaifunika, nikaenda nyumbani nikiwa karibu kukimbia. Nikamwambia mwanangu njano imetoka. Akageuka kutoka ukutani.

"Ngazi nzima?"

"Nusu."

"Nusu si haba," akasema. Lile la ngazi ni swali lake la kwanza tangu mwezi uliopita. Nimeenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi njano hakuna.

Jumatatu, 18 Machi

Saa nane mchana njano imerudi, na buluu vidato vinne. Nimeiacha vizuri, nimeifunika.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna njano. Hakuna buluu. Nimeanza upya.

Ijumaa, 22 Machi

Mchana zinakuja, asubuhi zimekwenda. Wiki nzima. Mvua inanyesha kama imelipwa, kuta zinatoka jasho, mgongo unaniuma kwa kuinamia vile vikombe, na kila nikifika asubuhi ni kama sikuwahi kufika jana.

Kuna mtu anaingia humu. Chumba hiki kina funguo mbili, mmoja kwangu na mmoja kwa mwenye magodoro. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeomba uzi mweusi kwa mshonaji, nikaufunga mlangoni chini, mahali ambapo mtu akiingia lazima aukate. "Unatega panya?" akauliza. Nikamwambia panya ninayemtega nimemzaa mwenyewe.

Jumanne, 26 Machi

Uzi mzima. Rangi hakuna. Anapita dirishani.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimefanya ujinga, na mshonaji ananisaidia kuubeba.

Yeye alisema mashine yoyote duniani inataka mafuta, hata cherehani yake. Nikaona ni kweli. Tukatia mafuta ya cherehani kwenye reli ambapo vichwa hupita, tukapaka kwa kitambaa kutoka mwisho huu hadi ule, na kila kilichokuwa karibu na reli nacho kikapata. Nikawasha. Vichwa vikaondoka kwa kasi kama mbuzi aliyeona chui, vikabamiza ukuta wa kulia, vikarudi, vikabamiza wa kushoto. Mshonaji akatoka nje. Mimi nikabaki napiga vitufe vyote mpaka ikazimika.

Pole-Mama amekuja kwenye mvua, suruali imelowa hadi magotini. Nilimngojea anikaripie nipate wa kugombana naye. Hakukaripia. Akanionyesha utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma ya reli, nimeufuta mara elfu nikidhani ni pambo.

"Huu ndio macho yake, mama. Una mistari midogo midogo. Anausoma ndipo ajue yuko wapi. Umempaka mafuta machoni."

Akapiga magoti kwa saa mbili akiupangusa kwa kitambaa laini, kidole kwa kidole. Nilimwambia apumzike anywe chai, akasema akimaliza. Anajua kazi yake. Nimeudhika kulijua hilo.

Ijumaa, 12 Aprili

Mwenye magodoro amekuja na futi ya kupimia chumba. Mvua bado inanyesha na yeye anapima. Nikasimama mlangoni.

"Wewe ndiye unayeingia humu usiponiona?"

"Niingie kufanya nini, mama?"

"Kuharibu. Mchana naipata rangi, asubuhi haipo. Ufunguo uko kwako."

"Mama."

"Nilikunyonyesha miaka miwili na nusu, meno yote umeota. Leo unashindana na dada yako asiyeweza hata kuinama kufunga viatu."

Akaikunja futi polepole. Ana nyusi za marehemu baba yake, zikikutana ujue ameumia. "Stoo yangu inavuja, mama. Magodoro yanakunywa maji. Nimempa dada msimu mzima wakati mzigo wangu unaoza. Rangi zako nizipeleke wapi mimi?"

Mshonaji amesikia yote, ukuta wetu ni mwembamba. Bwana mkubwa akaondoka bila kuaga.

Nimefika nyumbani nikamkuta mwanangu amelalia godoro jipya, lile gumu ambalo daktari alisema tulitafute.

"Limetoka wapi?"

"Kaka ameleta mchana. Amelibeba mwenyewe kichwani."

Nikalibonyeza kwa ngumi. Gumu kweli.

Jumatano, 24 Aprili

Njano, buluu, waridi kidogo. Najua kesho hazitakuwepo. Naziangalia kama mgeni aliyekwishafunga mzigo.

Ijumaa, 3 Mei

Nitaandika yote, hata kama karatasi zitaisha.

Pole-Mama alikuja mchana kuniletea dawa. Tulikuwa tumeinama wote wawili kwenye kofia, njano kamili, buluu kamili, radi ikapiga karibu kiasi kwamba dirisha likalia. Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikanyoosha mkono nikakata umeme ukutani, nikavuta shuka.

"Mama, unafanya nini?"

"Radi hiyo. Isije ikaungua. Na saa kumi imefika, jioni huwa naikata."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Tangu mwaka jana mwanangu alipolazwa. Mimi si mtu wa kuacha mitambo inakula umeme nyumba haina mtu."

Akakaa chini. Si kwenye kiti, chini sakafuni. Akatazama viatu vyake, na safari hii nilimwona vizuri: ndivyo alivyovitazama siku ya kwanza.

"Sema," nikamwambia.

"Nilidhani umeshaambiwa nyumbani, mama."

"Niambiwe nini?"

"Mashine hii hailali. Ikiwa na umeme, kila baada ya saa chache inaamka yenyewe, inatema tone la wino, inajifuta midomo, inarudi kwenye kofia. Ndiyo inayozuia matundu kukauka. Ukiikata umeme haiwezi. Ina kumbukumbu ndani, nilizisoma siku ya kwanza. Imezimwa kila jioni, miezi sita."

Nikamuuliza kwa nini alisema uzee.

"Binti yako alinipigia simu kabla sijafika. Alinikataza nisitaje habari ya kuzima mbele yako. Nikaona salama yangu nisiitaje kabisa."

Kwa hiyo ni mimi. Mimi ndiye niliyeiua mwaka jana, na tangu Machi kila mchana naifufua na kila jioni naizika tena, kwa shuka safi kama sanda. Nimetega uzi mlangoni kumnasa mwizi wakati mwizi ndiye aliyefunga uzi. Nimemtukana mwanangu wa kumzaa, jirani anasikiliza. Nimemwita huyu fundi majina nisiyoweza kuyaandika.

Niliondoka bila mwavuli. Nilimkuta kitindamimba amekaa dirishani.

"Ulijua?"

Hakuuliza nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile mliyonipitisha dukani nikitoka hospitali. Nilikuta imekatwa umeme, imefunikwa shuka. Umelipiga pasi, mama. Umelikunja pembe zote nne zikalingana. Ningesemaje?"

"Ungesema, mama, umeiua."

"Ungekufa."

"Nisingekufa. Ningelia siku moja. Siku ya pili ningeuliza inafufuliwaje. Mtu mzima ndivyo anavyofanya. Ninyi mmenifanya yai, mnanibeba kwa kijiko, na huku yai lenyewe linavunja nyumba."

"Ulikuwa unalala kwenye benchi la hospitali, mama. Miezi miwili. Halafu unakwenda kufagia duka langu. Nikwambie umeniharibia mashine?"

"Ndiyo. Uniambie. Ungeniambia Machi, leo ungekuwa unachapa. Umenihurumia mpaka umepoteza kazi yako, na mimi umeniacha natukana watu wasio na kosa."

Akaanza kulia, nami nikaanza, na kwa kuwa hatukuwa tumemaliza kugombana tuligombana huku tunalia. Alisema hata akijaribu kunieleza jambo nafoka kabla hajalimaliza. Nikafoka kwamba ni uongo. Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza, akashika mgongo kwa maumivu, nikamfokea asicheke.

Hasira zangu zimekosa mtu wa kumkalia. Zimezunguka kwa fundi, kwa mwanangu mkubwa, kwa dirisha, zimerudi kwangu zimechoka, na mimi sina mlango wa pili wa kutokea.

Jumamosi, 4 Mei

Sikwenda. Nimefua kila kitu, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia mgonjwa wangu, "Umenidanganya vya kutosha, sasa njoo unifundishe." Alibisha mara tatu. Nikajua amepona mdomo.

Tumetembea polepole, kituo kwa kituo. Nimemweka kwenye kiti katikati ya chumba, nyuma ya mgongo nimemtilia lile shuka nimelikunja nene. Lifanye kazi ya maana. Ameitazama mashine muda mrefu kama watu waliogombana na kukutana msibani.

"Fungua upande wa kulia. Si huo, mama. Kulia."

"Kulia kwangu au kwake?"

"Kwako. Sasa kile kifuta mdomo cha mpira, kina ukoko. Kisafishe."

Miezi miwili sikujua kile kimpira kina kazi. Kilikuwa kimeganda kama ulimi wa maiti. Nimekisugua hadi kikarudi laini. Jioni hatukukata umeme. Nilipita mlangoni mkono nimeuficha kwapani.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi. Njano ipo. Buluu ipo. Sikusema kitu kwa sababu mshonaji angekuja kuuliza nani amekufa.

Jumatatu, 13 Mei

Waridi ngazi nzima. Nyeusi bado inatugomea. Pole-Mama amekuja, nimempa kiti kizuri. Nilimwambia, "Nimekusema vibaya kwa watu. Wengine huwajui, wengine unawajua." Akasema pole. Nikamwambia safari hii aniachie hiyo pole niseme mimi.

Jumatatu, 20 Mei

Nyeusi.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekatika tangu Alhamisi. Mwenye magodoro amefika asubuhi na futi yake, na gari la mzigo nje. Hakuniamkia, amesimama tu mlangoni, nyusi zimekutana.

Mwanangu alikuwa kwenye kiti chake. Juzi aliniambia niandike neno moja, kubwa, kwa mkono wangu, kwenye karatasi. Nikaandika. Akalipiga picha, akalitia kwenye kompyuta, akalikuza. Leo ndipo akasema, "Bonyeza, mama." Pole-Mama alikuwepo, mshonaji alikuwepo ingawa hakualikwa. Nikabonyeza.

Ilikwenda polepole, huku na huku, kama mtu anayepiga deki. Ikatoka herufi ya kwanza nyeusi kwenye njano, ndefu kuliko mkono wangu. Ikatoka ya pili. Ilipomaliza tukaona uzi mweupe, mwembamba, umekata kila herufi mahali pale pale kutoka mwanzo hadi mwisho.

Pole-Mama akainama akautazama. "Tundu hilo moja halitarudi, ma..."

"Pole," nikamwahi.

Mwanangu mkubwa akasogea. "USIZIME," akasoma. "Ndiyo nini hii?"

"Sheria ya duka," dada yake akasema. "Inamhusu mfanyakazi mmoja."

Nikamgeukia mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipomtukana. Nikasema, "Hakuna aliyeingia humu. Niliyekuwa naua rangi ni mimi. Wewe nilikusingizia, na siku hiyo hiyo ulikuwa umebeba godoro kichwani. Nimekosa."

Yeye si mtu wa maneno. Akafungua futi akalipima bango, kama vile ndicho kilichomleta. "Mita mbili na robo," akasema. Akaikunja. "Tulisema bango moja zima. Hili lina mstari."

"Lina mstari," dada yake akakubali, na sauti yake ikawa ndogo.

Akautazama ule mstari sana. Kisha akasema stoo itaezekwa upya, fundi wa paa anakuja Jumatano, na kwamba akisharudisha magodoro kule atataka bango lake pale mbele. "Ila langu mlichape kwa njano tupu, tusione huo uzi."

"Kwa njano tupu hakuna atakayeona bango," mshonaji akasema. "Muulize bibi."

Kesho nakwenda kumsaidia kuanika magodoro yaliyolowa. Hajaniomba.

Jioni tulipokuwa tunaondoka, mkono wangu ulikwenda ukutani wenyewe. Nimeuona unakwenda, siwezi kudanganya. Mwanangu alinyanyua kidevu tu kuelekea bango, tumelitundika pale pale juu ya swichi. Nikaurudisha mkono nikamshika yeye kiwiko, ngazi ya mlangoni ni ndefu kwa mgongo wake.

Nilipogeuza ufunguo nikaisikia mle ndani gizani inaamka yenyewe, inatema, inajifuta midomo, inarudi kukaa.

Nikaiambia lala salama, mshenzi wewe.